Nina kilo 84 na mimba ya wiki 14: je, unene wangu utaniletea kisukari?

"Daktari, naomba unisaidie. Nina miaka 33, mimba ya wiki 14, na ni ya tatu. Kabla ya kushika mimba nilikuwa na kilo 84, urefu wangu ni sentimita 158. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na kilo 4.2, nilijifungua kwa njia ya kawaida lakini kwa shida, mabega yalikwama kidogo. Mama yangu mzazi ana kisukari. Kliniki walinipima mkojo wakasema hauna sukari, nikaambiwa niko salama. Ila jirani yangu alipata kisukari cha mimba na yeye ni mwembamba kabisa, ndipo nikaingiwa na hofu. Nimeacha sukari kwenye chai na nimeacha kula usiku ili nipungue. Mama mkwe ananigombeza, anasema nakula kwa ajili ya watu wawili. Je, huu unene wangu utaniletea kisukari? Na ni kweli kwamba sindano za insulini zinamdhuru mtoto, na ukishaanza huachi tena maisha yako yote?"

Dada yangu, hongera kwa ujauzito, na pole kwa hofu. Katika barua yako kuna jambo la kuacha leo na jambo la kufanya wiki hii. La kuacha ni kulala bila kula. La kufanya ni kupima sukari ya damu, maana mkojo haukuambii unachotaka kujua. Sababu nitazieleza taratibu, ila hayo mawili usiyasubirishe.

Tuanze na uzito. Chukua urefu wako kwa mita, yaani 1.58, uzidishe kwa 1.58, unapata karibu 2.5. Gawanya kilo 84 kwa 2.5, unapata 33.6. Namba hiyo ndiyo BMI. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene unaohitaji uangalizi zaidi katika mimba. Hesabu hii hufanywa kwa uzito wa kabla ya mimba, kama ulivyofanya wewe, kwa sababu baadaye mizani inapima pia mtoto, maji ya uzazi na damu iliyoongezeka mwilini. Ukilinganisha na mwanamke wa uzito wa kawaida, mwenye uzito uliozidi ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata kisukari cha mimba, na mwenye BMI ya juu ya 30 mara tatu hadi nne. Hata hivyo, wanawake wengi wenye uzito kama wako hujifungua bila sukari yao kuvuka mpaka. Unene unaongeza uwezekano, hauamui peke yake, na jirani yako ni ushahidi wa hilo.

Sasa, sukari inapandaje? Wanga wote tunaokula, uwe ugali, wali, ndizi au andazi, huishia kuwa glukosi kwenye damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa homoni ya insulini. Insulini ndiyo inayoiamuru misuli ipokee ile glukosi, na ndiyo inayolizuia ini lisimwage nyingine. Kuanzia katikati ya mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zinazofanya mwili wa mama uitikie insulini kwa shida. Hilo si ugonjwa; ndivyo mimba ilivyopangwa, ili glukosi ibaki kwenye damu ya mama muda wa kutosha na mtoto apate sehemu yake. Mwili wa mama unatakiwa kufidia kwa kutengeneza insulini mara mbili, hata mara tatu, ya ile ya zamani.

Mfikirie mama lishe aliyezoea kupika sahani 50 kwa siku. Mimba ikifika mwezi wa sita anaagizwa sahani 100, baadaye 150. Mwenye jiko kubwa ataongeza sufuria na wateja wote watakula. Lakini mwanamke mwenye mafuta mengi mwilini, hasa yale ya tumboni yanayolizunguka ini na utumbo, alianza na mzigo. Mafuta hayo humwaga asidi za mafuta na kemikali nyingine kwenye damu, na misuli na ini vinakuwa vizito kuitikia insulini tangu kabla ya mimba. Yeye alikuwa anapika sahani 80 kufanya kazi ya sahani 50. Agizo la mimba linapokuja, nafasi iliyobaki jikoni ni ndogo. Na jirani yako mwembamba? Huenda hakuwa na mzigo wowote wa ziada, ila jiko lake lenyewe ni dogo: kongosho lisiloweza kuongeza insulini kwa kiasi hicho, jambo ambalo mara nyingi hurithiwa.

Kwa hiyo nikikutazama wewe, uzito ni jambo moja kati ya matatu. Mama yako ana kisukari, maana yake huenda umerithi sehemu ya udhaifu huo wa kongosho. Na mtoto wa kilo 4.2 ni dalili kwamba pengine sukari ilipanda katika mimba ile bila mtu kuigundua. Hata ungekuwa na kilo 60, mambo haya mawili yangetosha kukupeleka maabara.

Nadhani utakuwa umeona kwamba sukari ya chai si chanzo. Umefanya vizuri kuiacha, endelea hivyo. Lakini vijiko viwili vya chai vya sukari ni kama gramu 8 hadi 10, wakati bonge la ugali la nusu kilo lina wanga unaozidi gramu 100. Wapo kina mama wanaoacha sukari, wakajiona wamemaliza kazi, kisha wanakunywa uji mwepesi mabakuli mawili asubuhi. Asali nayo, kwa damu yako, ni sukari.

Kuhusu mkojo, naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Figo huanza kuachia glukosi kwenye mkojo pale sukari ya damu inapofika karibu 10 milimoli kwa lita. Mpaka wa kisukari cha mimba, ukipima kabla ya kula, ni 5.1. Mwanamke anaweza kuamka kila siku na 6.5 na kijiti cha mkojo kisibadilike rangi hata kidogo. Tena kuna upande wa pili: katika mimba figo huchuja damu nyingi kuliko kawaida, hivyo wapo wanaotoa sukari kwenye mkojo ilhali damu yao iko sawa kabisa. Kipimo kinachoweza kumpa mgonjwa cheti cha uzima na kumtisha mzima hakiwezi kuwa msingi wa kukwambia uko salama. Kijiti cha mkojo kiendelee kutumika kliniki kuangalia protini na maambukizi. Huko kina kazi yake.

Wiki hii basi, nenda ukapime sukari ya damu kabla ya kula. Kula chakula cha usiku kama kawaida, kisha kaa saa 8 hadi 12 bila kula, maji unaweza kunywa, halafu utolewe damu ya mshipani asubuhi. Ikiwa chini ya 5.1, tunasubiri hatua ya pili. Ikifika 7.0 au zaidi, hicho ni kisukari kilichokuwepo hata kabla ya mimba, na matibabu huanza mara moja pamoja na kuangalia macho, figo na maumbile ya mtoto kwa ultrasaundi. Kati ya 5.1 na 6.9, vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013 vinaiita kisukari cha mimba wakati wowote ipatikanapo, ingawa mapema hivi baadhi ya madaktari hurudia kipimo kabla ya kuamua dawa, hasa ikiwa imezidi kidogo tu.

Hatua ya pili ni kati ya wiki ya 24 na 28, wakati kondo limepata nguvu. Hapo kipimo kinachoaminika ni kile cha kunywa glukosi. Siku tatu kabla, kula wanga wako wa kawaida. Ukijibana ili "ufaulu" unaharibu majibu, kwa sababu mwili uliozoea wanga kidogo hushtuka ukipewa nyingi, na sukari inapanda kwa uongo. Asubuhi unatolewa damu ukiwa hujala, kisha unakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji yanayokaribia glasi moja na robo, uzimalize ndani ya dakika 5. Unakaa kitini, hutembei, huli. Unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mipaka ni 5.1 kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili. Ikifikiwa au kupitwa hata moja tu kati ya hizo tatu, hicho ni kisukari cha mimba. Ukitapika katikati, kipimo kimeharibika, panga siku nyingine. Kunywa taratibu ndani ya zile dakika tano na ukamulie tone la limau, husaidia kichefuchefu.

Jambo moja ambalo wagonjwa hawaambiwi: chembe za damu zinaendelea kula glukosi hata baada ya damu kutolewa. Katika joto la pwani, damu iliyokaa mezani saa mbili inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Ndiyo maana maabara hutumia kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ambacho kina kemikali ya kupunguza ulaji huo, na damu hutakiwa kushughulikiwa mapema. Una haki ya kuuliza, kwa heshima, damu yako itapimwa saa ngapi. Na kama kliniki yako ina mashine ya kidole pekee, ni afadhali hiyo kuliko mkojo, ila jibu likiwa karibu na mpaka lithibitishwe kwa damu ya mshipani.

Usije ukaridhika pia na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu peke yake. Katika mimba damu mpya hutengenezwa kwa kasi, na kwetu huku upungufu wa damu, malaria na selimundu huipotosha namba hiyo juu au chini. Inafaa mapema kukamata kisukari cha zamani. Haifai kukuhakikishia kwamba huna cha mimba.

Namba hizi, 5.1, 10.0 na 8.5, zimetokana na utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliotangazwa mwaka 2008, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Walichokiona ni kwamba hakuna ukuta. Kadiri sukari ya mama inavyopanda, uzito wa mtoto unapanda nayo kidogo kidogo, tangu viwango ambavyo zamani viliitwa vya kawaida. Kwa hiyo ukipata 5.0 usisherehekee kwa soda, na ukipata 5.2 usilie. Mpaka umewekwa ili tujue nani aanze kufuatiliwa.

Sasa turudi kwenye kulala bila kula. Nia yako naielewa, lakini njia hii inakurudisha nyuma. Sukari ya asubuhi kabla ya kula haitokani na ugali wa jana tu. Inatokana na ini, linalomwaga glukosi usiku kucha pale insulini inaposhindwa kulizuia. Kuruka mlo hakulinyamazishi ini. Zaidi ya hapo, mjamzito akikaa na njaa muda mrefu mwili wake huanza kuchoma mafuta haraka kuliko mtu mwingine, na damu hujaa asidi zinazoitwa ketoni ambazo zinamfikia mtoto. Asubuhi unaamka na njaa ya kufuta sahani, unakula mara mbili, na sukari inaruka. Mimba si wakati wa kupungua. Kula mapema usiku, na kabla ya kulala ukisikia njaa chukua yai la kuchemsha, konzi ya karanga au kikombe cha mtindi usiotiwa sukari.

Kinachotakiwa ni uongezeke kidogo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009, ambao hutumika sana hata nje ya huko, unapendekeza kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima kwa mwenye BMI ya 30 na zaidi. Mwenye uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5, mwenye uzito wa kawaida 11.5 hadi 16. Kwako maana yake ni kufika siku ya kujifungua ukiwa kati ya kilo 89 na 93. Kuanzia sasa ni kama gramu 200 kwa wiki, karibu kilo moja kwa mwezi. Jipime mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi, ukiwa na nguo nyepesi. Ukiona kilo moja au zaidi imeongezeka ndani ya wiki moja, tena uso au mikono imevimba, usihesabu chakula: nenda ukapime presha siku hiyohiyo.

Mama mkwe wako naye hakukosea yote. Mtoto anahitaji kulishwa. Kilichozidi ni kipimo. Miezi mitatu ya kwanza hakuna nyongeza yoyote inayohitajika. Miezi mitatu ya kati nyongeza ni kama kalori 340 kwa siku, ambazo ni mayai mawili, kikombe cha maziwa na kipande kidogo cha kiazi kitamu. Miezi ya mwisho huzidi hapo kidogo. Mwambie hivyo kwa upole, maana akielewa ndiye atakayekupakulia vizuri.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi. Robo iwe samaki, dagaa, maharage, kunde, mayai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi, kiasi kisichozidi ngumi yako mwenyewe. Anza na mboga na kitoweo, malizia na wanga. Kwa watu wengi hilo peke yake hupunguza mruko wa sukari baada ya kula. Dona ni bora kuliko sembe, lakini ni ugali vilevile, na ngumi inabaki ngumi. Usiuondoe wanga wote, unahitaji angalau gramu 175 kwa siku ukiugawa katika milo mitatu na vitafunwa viwili vidogo.

Asubuhi ndipo pagumu zaidi. Mwili huwa mzito kuitikia insulini wakati huo, hivyo chapati ileile itapandisha sukari zaidi saa moja asubuhi kuliko saa saba mchana. Chai ya maziwa bila sukari, yai au maharage, na nusu chapati au vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha ni mlo mzuri. Uji wa lishe unaosifiwa sana kwa wajawazito ni unga uliosagwa laini na kupikwa hadi ukaiva sana. Unapita haraka mno tumboni. Ukiupenda, kikombe kimoja, mzito, bila sukari, na yai pembeni. Soda ya mililita 350 kwa kawaida ina karibu gramu 37 za sukari, na juisi ya miwa au ya embe si nafuu kwake. Kula tunda lenyewe, nusu ya embe kubwa au chungwa moja, baada ya mlo na si badala ya mlo. Kama mwezi wa Ramadhani utakukuta na mimba, dini imekupa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na ukiwa kwenye insulini nakusihi uitumie. Hata asiyefunga aiangalie futari, kwa sababu tende, uji, viazi, mihogo na tambi hukutana sahani moja, vyote wanga.

Kisha tembea. Dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Msuli unaofanya kazi hufyonza glukosi hata bila kusubiri amri ya insulini, na huo ndio msaada mkubwa kwa mtu ambaye insulini yake haisikilizwi. Kama una damu inayotoka, maji yanayovuja au umeambiwa kondo limekaa chini, muulize daktari kwanza.

Ikithibitika una kisukari cha mimba, utajipima mwenyewe kwa mashine ya kidole mara nne kwa siku: kabla ya kula asubuhi, na baada ya kila mlo. Lengo ni chini ya 5.3 asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula, au chini ya 6.7 ukipima baada ya saa mbili. Mashine ikisoma 95 au 140, inatumia kipimo kingine. Gawanya kwa 18. Osha mikono kwa sabuni na ukaushe, kwa sababu utomvu wa embe kwenye kidole unaweza kukusomea 12. Vijiti vya mashine viwe ndani ya kopo lake lililofungwa, mbali na jua. Na kama vijiti ni ghali, mwambie daktari ukweli, mpange kupima asubuhi kila siku na mlo mmoja kwa zamu: leo baada ya chai, kesho baada ya chakula cha mchana. Daftari lenye namba mbili za kweli kwa siku lina faida kuliko lenye nne za kukisia.

Wengi hutulia kwa chakula na kutembea. Wiki moja hadi mbili zikipita na namba bado ziko juu, dawa huongezwa, na hapa nataka kuondoa hofu uliyoitaja. Insulini unayochomwa haivuki kondo kumfikia mtoto. Glukosi ndiyo inayovuka, saa yoyote, na kadiri inavyozidi kwenye damu yako ndivyo inavyozidi kumfikia. Mtoto akipokea glukosi nyingi, kongosho lake dogo hutoa insulini yake mwenyewe, na insulini kwa mtoto aliye tumboni ni homoni ya kukuza. Mafuta yanajaa mabegani na tumboni kuliko kichwani, kichwa kinatoka, mabega yanakwama. Kitovu kikikatwa, glukosi ya mama inakoma ghafla ilhali insulini ya mtoto bado imejaa, na sukari yake inaporomoka saa za mwanzo za maisha. Kinachomdhuru ni sukari isiyotibiwa, sindano inamkinga. Vidonge vya metformin navyo hutumika. Vyenyewe huvuka kondo, na baadhi ya miongozo huiweka insulini mbele, lakini kwa asiyeweza kuhifadhi au kujichoma sindano ni njia inayokubalika. Dawa za mitishamba za kushusha sukari ziache katika kipindi hiki. Nguvu yake haijulikani na mtoto ndiye atakayelipa.

Ukipewa insulini na huna friji, chupa unayoitumia hukaa vizuri ndani ya mfuko mkavu uliowekwa kwenye mtungi wa udongo wenye maji kidogo, kivulini, na huitumii zaidi ya wiki nne tangu uifungue. Usiigandishe kamwe. Ukitetemeka, ukatoka jasho na sukari ikasoma chini ya 3.9, hapo sukari inakuwa dawa: vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula.

Mahali pa kujifungulia pangeni mapema, wewe na mume wako. Kwa historia ya mabega kukwama, hata sukari ikiwa nzuri, zahanati haifai. Chagueni hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa na anayejua kumhudumia mtoto mchanga, na muwaambie mapokezi neno hilohilo: mabega yalikwama. Mtoto hupimwa ukubwa kwa ultrasaundi karibu wiki ya 36, ingawa kipimo hicho hukosea kwa watoto wakubwa, kisha mnaamua njia ya kujifungua pamoja. Sukari ikitulia kwa chakula tu, huna haja ya kuharakishwa kabla ya wiki ya 39, lakini usivuke wiki ya 41. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari kisiginoni kabla hamjaruhusiwa.

Kuanzia wiki ya 28, mtoto akipunguza kucheza, usingoje kesho. Vivyo hivyo kichwa kikiuma sana, macho yakififia, uso ukivimba, au ukiwa na kiu kali na kutapika huku sukari ikizidi 11.

Kondo likishatoka, agizo la mama lishe limefutwa. Wengi wenye kisukari cha mimba huacha insulini siku hiyohiyo ya kujifungua. Lakini lile jiko limeonyesha udogo wake: aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa mara saba hadi kumi wa kupata kisukari cha ukubwani baadaye. Kwa hiyo kipimo cha kunywa glukosi hurudiwa kati ya wiki ya 6 na 12 baada ya kujifungua, na wengi hukisahau kwa sababu wanajisikia wazima. Kifungamanishe na chanjo ya mtoto ya wiki ya 10. Mpeleke kliniki ukiwa hujala, na sukari yako ipimwe asubuhi ileile. Kunyonyesha kunasaidia sukari yako pia. Baada ya kujifungua ndio wakati wa kupungua, na si lazima urudi kwenye kilo za usichana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 kwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na visa vipya vya kisukari vikapungua kwa asilimia 58. Kwa kilo zako 84, asilimia 7 ni kama kilo 6.

Ukipata majibu ya wiki hii, niandikie namba yenyewe, usiniandikie neno "kawaida", na uniambie damu ilitolewa mshipani au kidoleni.